Picha tano kali za Jackie Chan kwa wiki ya mbalamwezi, ipi ianze na ipi ifunge?

Mwana wa Ujiji

Habari za jioni wakuu, wadau wa Kigoma na kokote mlipo.

Nina banda la video huku Ujiji, sio kubwa, mabenchi, projekta moja na spika mbili. Siku za mpira linajaa lenyewe, shida ni siku ambazo hamna mechi. Sasa mbalamwezi inakuja na mnajua mwezi ukishakuwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa haivuti kitu, kwa hiyo vijana wa Kibirizi na Katonga wanakuwa nchi kavu usiku kucha na hawana pa kwenda. Nikasema wiki hiyo niifanye ya Jackie Chan tupu, picha moja kila usiku kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, kiingilio kilekile cha siku zote.

Kilichonisukuma ni hawa madogo wa sasa. Ukimuuliza Jackie Chan anakutajia Rush Hour na ile Karate Kid ya 2010 aliyocheza na mtoto wa Will Smith, basi kaishia hapo. Hajui kwamba huyu mtu alikuwa anajirusha kutoka juu kweli, kompyuta hamna, na akivunjika anapelekwa hospitali alafu anarudi kumalizia kipande. Inaniuma kwa kweli, maana hao hao wanakaa wanasifia picha za juzi ambazo steringi anapigana mbele ya kitambaa cha kijani.

Nilizonazo kichwani ni Project A ya 1983, Police Story ya 1985, Drunken Master II ya 1994, Rumble in the Bronx ya 1995 na Who Am I? ya 1998. Mi binafsi namba moja naiweka Police Story, ila ikija kupanga usiku upi uwe wa picha ipi nakwama, sababu usiku wa kwanza ukiwaboa wa pili haji mtu.

Naombeni mnipangie kwa ubora na mnipe sababu, sio mtu anataja jina anaondoka. Na kama kuna niliyoiacha inayostahili kuingia semeni nitoe ipi.

Mgebuka

Police Story ianze bila mjadala. Ule mwanzo tu magari yanashuka mlimani yanapita katikati ya vibanda vya watu yanavisomba vyote, alafu anakimbiza basi kwa miguu na kujining'iniza kwa mwamvuli. Hapo hamna atakayetoka nje hata simu yake ikiita.

Mzee wa Mikanda

Salama mdogo wangu. Mi nipo Mwanga, picha hizi nimezifuata tangu enzi za mikanda na deki, wakati ule mkanda mmoja unazunguka mitaa mitatu mpaka picha inaanza kuchorachora, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Kwanza nakubaliana na huyo ndugu hapo juu kuhusu kuanza na Police Story, lakini kwa ubora namba moja ni Drunken Master II na ndo maana nataka uiweke Ijumaa. Angalia pambano la mwisho pale kiwandani, zile dakika za mwisho ambazo anapambana na yule jamaa wa mateke, anaitwa Ken Lo, ambaye kwenye maisha ya kawaida alikuwa mlinzi wa Jackie mwenyewe. Yule anasimama kwa mguu mmoja, mwingine upo hewani unapiga kichwa, mbavu, kichwa tena, haushuki chini. Jackie anatambaa kinyumenyume juu ya makaa ya moto na yale makaa ni ya kweli. Alipofanya vile alikuwa anakaribia miaka 40, na anacheza kijana anayemwogopa baba yake, na ukimwangalia unaamini kabisa kwamba ni kijana. Baba mtu ni Ti Lung ambaye kamzidi miaka minane tu. Mama wa kambo ni Anita Mui ambaye ni mdogo kwa Jackie karibu miaka kumi, na yule mama kila akitokea banda zima litacheka, subiri uone.

Alafu ina kitu ambacho nyingine hazina. Mwongozaji alikuwa Lau Kar-leung, mtu wa kungfu ya zamani, anataka mitindo ionekane kama ilivyo. Jackie anataka mbio na ajali na vitu vya kuvunjika. Wakashindwana, Lau akaondoka kabla picha haijaisha na Jackie ndo akamalizia ile sehemu ya kiwandani. Ukiijua hiyo habari unaiona kabisa kwenye picha, lile pambano la mikuki chini ya behewa la treni ni la yule mzee, limetulia, kila pigo lina jibu lake, na lile la mwisho ni la Jackie. Umepata shule mbili kwa kiingilio kimoja.

Police Story naiweka ya pili. Mwaka ule ule wa 1985 Wamarekani walikuwa wamempa picha moja inaitwa The Protector, wakamfanya polisi mkavu asiye na utani, yeye hakuridhika nayo, karudi Hong Kong kutengeneza picha ya polisi kwa akili yake. Na ikachukua tuzo ya picha bora ya mwaka kule kwao. Mwisho wake ni ndani ya jengo la maduka, vioo vinavunjwa mpaka mafundi wake wenyewe wakawa wanaiita picha ya vioo. Kile kipande cha kuruka na kuteleza kwenye nguzo yenye taa mpaka chini, viganja viliungua na mgongo na nyonga vikaumia. Kwenye picha amekirudia mara tatu kwa kamera tatu tofauti na wala haichoshi. Waambie wateja wako wasipepese pale.

Ya tatu Project A. Ya nne Who Am I?. Rumble in the Bronx mi ningeitoa. Najua ndo iliyomfungulia soko la Marekani 1996, na alivunjika kifundo cha mguu akiruka kwenye kile chombo kinachoelea juu ya maji, akavaa soksi iliyochorwa kiatu juu ya plasta akaendelea kucheza, hilo namheshimu sana. Ila hadithi ni nyepesi, na wanasema ni New York wakati picha imechukuliwa Vancouver, milima inaonekana nyuma. Badala yake weka Drunken Master yenyewe, ya 1978, waone alikotokea.

Binti Isevya

Mwangaluka wana Kigoma, nawasalimu kutoka Tabora.

Kaka mwenye mada, mi nakuomba usiipeleke Who Am I? huko mwishoni. Kwetu hapa Isevya hii ndo picha ya Jackie iliyopendwa na nyumba nzima, mama, shangazi, watoto, sio wavulana peke yao. Inaanzia Afrika, anaanguka kutoka angani anapoteza kumbukumbu, wanakijiji wanamwokota wanamtibu, anawauliza mimi ni nani wao wanadhani ndo jina lake. Ile sehemu ya kuishi kijijini ilichukuliwa kusini mwa Afrika na mi naona ana heshima na wale watu, anajifunza, anakula nao, anaagana nao kwa uchungu. Picha ngapi za ngumi za miaka ile zilimleta mtu Afrika bila kuja kuua simba?

Na kwa ngumi haijapungukiwa. Pale Uholanzi anapigana amevaa viatu vya mbao. Alafu lile pambano juu ya paa la ghorofa Rotterdam, wale wawili wanapokezana, mmoja mrefu ana mateke, mwingine mikono, na upepo unaonekana unavyowasukuma ukingoni. Baada ya hapo anateremka kwenye ukuta wa kioo wa lile jengo la Willemswerf, ukuta umeinama, anakimbia, anabiringika, anateleza kwa makalio mpaka chini. Mzee wa Mikanda heshima yako, ila hilo la nguzo ya taa na hili la ukuta mi nalichagua hili, kwa sababu la nguzo linaisha kufumba na kufumbua na hili unapata muda wa kuogopa.

Kitu kingine, orodha yenu nyote wanawake wapo wa kusaidiwa tu ukimtoa Anita Mui. Hata Maggie Cheung kwenye Police Story kazi yake ni kununa tu, na yule dada ana uwezo mkubwa mno. Ndo maana nasema kama Rumble inatoka, iingie Police Story 3 ya 1992. Michelle Yeoh anarusha pikipiki inatua juu ya treni inayotembea, ni yeye mwenyewe. Jackie naye anabembea kwenye ngazi ya kamba ya helikopta juu ya Kuala Lumpur. Wasichana wa Ujiji nao walipe kiingilio waone mwenzao, ambaye mwaka 2023 kachukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Wangu mpangilio ni Police Story 3, Who Am I?, Drunken Master II, Project A, alafu Police Story ya kwanza.

Kasulu Kwetu

Wakuu mnaionea Rush Hour. Sisi wengine tuliingilia mlango huo ndo tukaanza kutafuta za nyuma. Na Chris Tucker anaongea bila kumeza mate, Jackie anamjibu kwa uso tu, ule utulivu wake ni kazi pia. Ukimwekea kijana wa leo picha ya 1978 ambayo muda mrefu ni mazoezi na kubeba ndoo atatoka.

Mwana wa Ujiji

Kasulu Kwetu nimekusoma, na Rush Hour siichukii, niliipiga mara nyingi tu hapa. Shida yangu ni kwamba kule Marekani walimpunguza. Watu wa bima na maprodyuza hawamruhusu kurudia kipande mpaka aridhike, pambano linakatwakatwa vipande vifupi, kamera imesogea karibu mno huoni mguu umetoka wapi. Kwenye zile za Hong Kong kamera inakaa mbali, unamwona yeye mzima na adui mzima, pigo linaanza na linafika ndani ya fremu moja. Hicho ndo nataka waone hawa wavuvi, maana ni watu wanaojua kazi ya mwili, mtu anayevuta wavu usiku mzima anatambua mwili unaofanya kazi kweli.

Dada wa Isevya hoja ya Police Story 3 imeniingia sana. Sikuwa nimeifikiria. Na hapa bandani kina dada wanakuja wachache, wengi wanakuja siku za bongo muvi.

Ila jamani Project A mnaipita harakaharaka kila mtu anaiweka katikati anaenda. Ile picha ina maharamia wa baharini, ina boti, ina bandari, polisi wa majini wanagombana na polisi wa nchi kavu, huku kwetu ziwani wanaelewa kabla hujaeleza, maana habari za wavuvi kuvamiwa ziwani usiku wakanyang'anywa injini na nyavu sio hadithi kwao. Wapo wote watatu, Jackie, Sammo Hung na Yuen Biao, waliolelewa pamoja shule moja ya michezo ya jukwaani tangu wadogo. Kuna ile ya kufukuzana na baiskeli kwenye vichochoro, anatumia baiskeli kama silaha, mlango, ngazi, sijawahi kuona mtu mwingine akifikiria namna ile. Alafu ndo ananing'inia kwenye mshale wa saa ya mnara, mikono inachoka, anaachia, anapasua turubai la kwanza, la pili, anafika chini kwa shingo. Kaonyesha mara mbili ili usiseme ni mdoli.

Reli ya Kati

Nami niko Tabora, naunga mkono hoja nyingi hapo juu lakini naona tunazungumzia kuanguka tu. Kwamba nani kaanguka kutoka juu zaidi. Jackie ni mwigizaji jamani, uso wake unafanya kazi, na hakuna aliyetaja hata picha moja ambayo ameonyesha hivyo.

New Police Story ya 2004. Inspekta anaongoza vijana wake kwenda kukamata genge, genge ni watoto wa matajiri wanaoua polisi kwa mchezo, wanawakamata wale vijana wake wanawaning'iniza kwa kamba na kumchezesha yeye kuwaokoa mmoja mmoja, anashindwa, wanakufa mbele yake. Baada ya hapo ni mlevi anayelala barabarani. Mi niliiangalia na marehemu kaka yangu aliyekuwa askari na alinyamaza picha nzima, ilipoisha akasema huyu bwana anajua. Yule Jackie wa kuchekesha hayupo kabisa mle ndani, na bado kuna basi linaporomoka barabarani na mapambano ndani ya duka la midoli yanayotosha.

Na kama mtu anataka kwenda mbali zaidi kuna Shinjuku Incident ya 2009, ni fundi matrekta Mchina anaingia Japani kwa njia za panya kumtafuta mpenzi wake. Kungfu hamna kabisa. Akipigana anapigana kama mtu mwoga asiyejua. Ina damu nyingi na China bara haikuonyeshwa, walikataa kuikata. Hiyo sikushauri uiweke bandani kwenye watoto ila we mwenye banda iangalie, itakubadilisha unavyomtazama.

Kwa hiyo kwa ubora mi napanga Police Story, New Police Story, Drunken Master II, Project A, Who Am I?. Ukiweka Police Story Jumatatu na New Police Story Alhamisi, mtu anamwona polisi yule yule kwa roho, kijana na mzee, kati yake kuna karibu miaka ishirini. Hapo watu wataongea mpaka kwenye mitumbwi.

Mzee wa Mikanda

Reli ya Kati umenigusa na hiyo New Police Story, sikatai ubora wake hata kidogo. Pole kwa kaka yako. Ila kwa wiki ya kumtambulisha mtu kwa vijana wanaomjua juujuu, mi ningeacha huzuni kwa awamu ya pili. Mtu lazima ampende kwanza ndo aumie naye.

Na nimekumbuka kitu. Ile Drunken Master ya 1978 niliyoipendekeza, sababu yangu ni kwamba kabla yake walikuwa wanamlazimisha kuwa Bruce Lee wa pili, Bruce kafariki 1973 na kila prodyuza anatafuta mrithi, wakampa mpaka New Fist of Fury 1976 anune na kukunja sura, haikwenda. Jackie mwenyewe aliwahi kuwa mmoja wa wale wanaopigwa na Bruce kwenye Enter the Dragon, anavutwa nywele anavunjwa shingo. Alichofanya 1978 ni kugeuza, Bruce anapiga bila kuumia, yeye anapiga ngumi alafu anashika mkono anapuliza kwa maumivu. Kila kitu mnachokipenda humu kimetoka hapo. Lakini nakubali kwa banda lenye vijana ina taratibu, basi itoe, Kasulu Kwetu yuko sahihi kwenye hilo la ndoo.

Mwana wa Ujiji

Wakuu nimewasoma wote, nimekaa na karatasi leo mchana. Naweka hivi.

Jumatatu Police Story, Mgebuka na Mzee mmenimaliza. Jumanne Project A, kwa ajili ya watu wa ziwani. Jumatano Police Story 3, na nitabandika tangazo la Michelle Yeoh na pikipiki yake pale sokoni, kina dada siku hiyo nitawatengea mabenchi ya mbele. Alhamisi Who Am I?. Ijumaa Drunken Master II. Rumble in the Bronx inatoka. New Police Story naipeleka mbalamwezi ya mwezi unaofuata, ifungue wiki, hapo watakuwa washampenda.

Swali moja la mwisho, hiyo Drunken Master II nimepata mbili kwenye flashi, moja imeandikwa The Legend of Drunken Master, nipige ipi?

Mzee wa Mikanda

Usipige hiyo. Hiyo ni ile waliyoitoa Marekani mwaka 2000, wamebadilisha muziki, wameweka sauti za Kiingereza, na kile kipande kifupi cha mwisho kinachoonyesha madhara ya pombe ya kiwandani aliyokunywa wamekikata. Tafuta ya Kikantoni, lugha yao ya Hong Kong. Mtafsiri kama unaye mwambie aongee kwenye hadithi tu, wakianza kupigana anyamaze, zile ngumi zina mdundo wake.

Na tafadhali usizime projekta maandishi ya mwisho yakianza. Pale ndo anaweka vipande vilivyoharibika, wanavyoanguka vibaya, wanavyobebwa. Kuna picha moja, Armour of God ya 1986, hukuiweka lakini madogo waambie, aliruka kwenye mti mara ya kwanza ikawa sawa, hakuridhika, akarudia, tawi likakatika akapasuka fuvu, alifanyiwa upasuaji. Wengi wetu tulikuwa tunasimama na kutoka mapema tunavikosa hivyo.

Mwana wa Ujiji

Shukrani Mzee wangu, naisaka ya Kikantoni. Mlango sifungui mpaka maandishi yaishe.

Binti Isevya

Kaka Jumatano umetenda haki, asante sana. Lakini Who Am I? Alhamisi bado sijakubali, hiyo ilikuwa ya Jumanne. Ukiona siku hiyo watu wamejaa kuliko Project A urudi hapa useme.